Siku ya Wageni

Bwiza, Bujumbura
12 Februari 2024

Baba,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na shangazi Ernestine bado hajachoka nami. Nakuandikia kwa wino kama ulivyoamuru, maana ujumbe wa simu unakuumiza macho, na masikio yako ndiyo hivyo tena, yamestaafu kabla ya mwenyewe. Barua atakuletea Asiya, yule muuza samaki, akivuka mpaka kwenda sokoni kwenu Uvira. Ikinuka ndagala, dagaa zake, lawama ni kwa kikapu chake.

Staji, mafunzo yangu ya kufundisha, imeanza. Chuo kimenipeleka kwenye shule moja ya Gatumba, darasa la saba, somo la Kiswahili. Miaka mitatu nimesomea ualimu na nilidhani nimeiva. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuandika ubaoni na kutazama darasa kwa wakati mmoja. Nikigeuka tu, nyuma yangu panakuwa soko. Ni wanafunzi tisini na wawili, wanne wanne kwenye dawati. Mwalimu mwenye darasa, Bwana Sylvère, hukaa nyuma kabisa na daftari lake. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja: "Unafundisha dirisha." Ni kweli, nilikuwa naliangalia dirisha saa nzima, kwa sababu dirisha halicheki.

Kuna msichana mmoja, Mwavita, ana miaka kumi na minne, mtoto wa wakimbizi kutoka upande wenu wa Kongo. Nikiuliza swali, hata sijalimaliza, mkono wake uko juu. Namtaja. Anasimama, anatabasamu, ananyamaza. Darasa linacheka, anakaa, na kwenye swali linalofuata mkono uko juu tena. Juzi nilimwita pembeni nikamuuliza kwa nini ananyoosha mkono na jibu halijui. Akaniambia, "Mwalimu, ukiulizaka na hakuna mutu ananyoosha mukono, uso yako inakuwa ya huruma."

Kwa hiyo nina mtu mmoja anayenihurumia. Nimecheka mpaka machozi, kisha nikalia kidogo, unanijua.

Nifundishe wewe uliyeshika chaki miaka thelathini na minne.

Binti yako,
Lisette

*

Uvira
19 Februari 2024

Lisette wangu,

Barua imefika na imenuka. Niliisomea nje.

Kwanza, herufi zako zinalala kama walevi. Mwalimu anayeandika hivyo kwenye karatasi ataandika vipi ubaoni? Zisimamishe.

Pili, ubao. Simama ubavu, bega moja ubaoni, jingine darasani. Andika maneno matatu, geuka, mtaje mtu mmoja kwa jina. Maneno matatu, jina moja. Mtoto akijua kwamba jina lake linaweza kuja wakati wowote, hana nafasi ya kufungua soko. Jifunze majina yote tisini na mawili kabla ya mwisho wa mwezi. Usiniambie haiwezekani.

Huyo anayekuhurumia, mshukuru. Mimi nilifundisha mwaka mzima bila kuhurumiwa na yeyote.

Majirani wote wanajua kwamba binti yangu anafundisha ng'ambo. Wale wasiojua nimewaambia mara mbili.

Baba yako,
Fortunat

*

Bwiza
11 Machi 2024

Baba,

Najua majina themanini na tisa. Watatu waliobaki ni ndugu wanaofanana na wanabadilishana madawati ili kunitesa.

Bega ubaoni limefanya kazi. Bwana Sylvère aliandika, "Sasa unafundisha watu." Nililibeba daftari hilo mpaka nyumbani nikamsomea shangazi.

Lakini sikiliza. Alhamisi ya tarehe 21 ndiyo somo langu la mwisho la kupimwa. Wasimamizi wawili watatoka chuoni, watakaa nyuma, watanipa alama juu ya ishirini, ndiyo alama kamili. Chini ya kumi na mbili narudia mwaka, na bursa, msaada wa ada, hairudiwi. Yaani chini ya kumi na mbili nimekwisha.

Na mmoja wao ana tabia inayojulikana chuo kizima: katikati ya somo anasema, "Muulize yule." Anamchagua mtoto anayenyoosha mkono kwa nguvu kuliko wote. Mwaka jana alifanya hivyo kwa mwenzangu Régis, mtoto akakosa jibu, na Régis akapewa tisa.

Umeshaona nani atachaguliwa. Nimemwomba Mwavita apunguze kidogo. Anaitikia ndiyo, na swali linapokuja mkono unaondoka wenyewe. Ukimpa kitabu asome kwa sauti, anaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo inatetemeka, hakuna kinachotoka. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa ukali, nikamwacha. Bwana Sylvère ameniambia niangalie namna ya kulipanga darasa langu siku hiyo. Nilipomuuliza maana yake alianza kusafisha miwani.

Mimi nampenda mtoto huyu, Baba. Lakini naogopa sana.

Lisette

*

Uvira
15 Machi 2024

Binti yangu,

Bwana Sylvère ni mtu mwenye adabu, ndiyo maana hakulitaja. Nitalitaja mimi. Katika kazi yetu linaitwa kupepeta. Siku ya mkaguzi unalipepeta darasa kama mchele, chuya zinakaa pembeni mpaka mgeni aondoke, kesho yake zinarudi. Huyu anatumwa maji, yule anatumwa chaki, mwingine anaambiwa apumzike nyumbani. Kila mwalimu niliyefanya naye kazi alipepeta. Mkaguzi mwenyewe alipepeta alipokuwa mwalimu, kwa hiyo hahesabu vichwa.

Fanya hivi. Mwite siku moja kabla, sema naye kwa upole, mpe sababu asiyoweza kuibishia. Usimwambie kwamba hajui. Ni siku moja tu. Mtoto husahau kabla ya jioni.

Usiniletee machozi kwenye barua ijayo. Niletee alama.

Baba yako

*

Bwiza
22 Machi 2024

Baba,

Kumi na sita juu ya ishirini.

Nimefaulu. Shangazi amepika ndizi na nyama, na anawaambia wateja wake niitwe mwalimu kuanzia leo.

Nilifanya ulivyosema. Jumatano baada ya kengele nilimwita Mwavita, nikamwambia kesho tunapata wageni wakubwa, nafasi darasani haitatosha, na yeye ndiye ninayemwamini anisaidie kwa kubaki nyumbani mpaka wageni waondoke. Aliuliza kama wageni hao ni wabaya. Nikasema hapana, ni wakubwa tu. Akasema, "Sawa, Mwalimu. Mi nitangoja."

Somo lilikwenda. Ila kuna jambo moja nikuambie, kwa sababu wasimamizi wameliandika. Nilipouliza swali la kwanza, hakuna aliyenyoosha mkono. La pili, hakuna. Tisini na mmoja walikuwa wananitazama tu. Ilinibidi niwataje kwa majina, mmoja mmoja. Waliandika hivi: "Mwalimu anajiamini. Wanafunzi wanaogopa kunyoosha mikono." Wamenikata alama mbili hapo.

Bwana Sylvère alinieleza baadaye. Wengine hunyoosha kwa sababu Mwavita ameshanyoosha. Wanajua yeye atakosea zaidi yao, basi wanapata moyo. Mimi sikuliona hilo kwa wiki sita.

Leo Ijumaa hakuja. Nadhani ni mvua. Likizo ya Pasaka inaanza kesho, nitamwona tukirudi.

Binti yako mwalimu,
Lisette

*

Uvira
26 Machi 2024

Mwalimu Lisette,

Kumi na sita. Mimi mwaka wangu nilipata kumi na nne, na nilikunywa siku mbili.

Nimeibandika barua yako ukutani chini ya picha ya mama yako. Angekuwepo angevaa kitenge kipya akapita nyumba zote za mtaa wetu wa Kalundu, asiseme neno, aulizwe tu.

Hizo alama mbili zisikunyime usingizi. Pasaka njema.

Baba mwenye furaha

*

Bwiza
15 Aprili 2024

Baba,

Shule ilifunguliwa wiki iliyopita na Mwavita hakurudi. Siku ya kwanza nilisema ni mvua, maana mto umetoka kwenye njia yake na nusu ya Gatumba imo majini tena. Siku ya tatu nikawauliza wa dawati lake. Wakaangaliana. Siku ya tano nikavua viatu nikaenda kwao.

Mama yake anaitwa Nsimire, anauza nyanya njia ya mpakani. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, anayachota kwa sufuria na kuyamwaga nje, yanarudi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilimuuliza Mwavita yuko wapi. Alichota mara mbili tatu kwanza, ndipo akajibu.

"Si ni we mwenyewe, Mwalimu, ulisema abakie nyumba."

Nikamwambia nilisema siku moja.

"Mutoto alisema mpaka wageni waende. Akangoja. Kila asubui anavaa nguo ya shule, anakaa pale kwa mlango, anangoja mutu akuje kumuambia. Hakuna mutu alikuja. Mi nikaona. Kama mwalimu anamuficha mbele ya watu, ni kusema kwa kichwa hamna kitu. Basi nikamutafutia kazi."

Amempeleka Uvira kulea watoto wa mwanamke mmoja anayefanya biashara ya vitenge, mtaa wa Mulongwe, nyumba yenye mlango wa kijani karibu na kisima. Alimpeleka siku ya nane ya kungoja. Likizo ilikuwa imeshaanza, Baba, na Mwavita hakujua kwamba ni likizo. Aliketi mlangoni na sare wakati shule imefungwa, na mimi nilikuwa nakula ndizi za shangazi.

Nilimsihi Mama Nsimire mpaka magoti yangu yakawa ndani ya maji. Alisema mtoto akitaka mwenyewe kurudi, yeye hatamzuia, lakini hana nauli wala siku ya kumfuata. Mpaka huu siwezi kuuvuka kabla ya mwezi ujao kwa sababu karatasi zangu ziko chuoni kwa ajili ya diploma. Wewe uko hapo hapo. Kutoka Kalundu hadi Mulongwe ni mwendo wa asubuhi moja. Nenda, Baba. Mwambie nimemtuma mtu wa kumwita.

Lisette

*

Uvira
18 Aprili 2024

Lisette,

Nimepata barua. Magoti yananisumbua msimu huu wa mvua, na barabara ya Mulongwe imekatika. Isitoshe, mzee asiyesikia akigonga mlango wa mwanamke asiyemjua na kudai msichana wa kazi, watu watafikiri nini?

Wewe umefanya kazi yako. Darasa la watu tisini haliwezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Watoto wa aina hiyo huacha shule, leo au kesho. Ni huzuni, lakini ndiyo kazi yetu ilivyo.

Kula vizuri.

Baba

*

Bwiza
22 Aprili 2024

Baba,

"Watoto wa aina hiyo."

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta baba yangu ndani yake. Uliniambia nijifunze majina tisini na mawili kabla ya mwisho wa mwezi, na sasa unaniambia mmoja si kitu. Asiya anasema alikuona sokoni Jumamosi unatembea vizuri kabisa, umebeba gunia la mkaa. Kwa hiyo si magoti.

Sikulaumu kwa kupepeta. Mdomo uliomwambia abaki ni wangu. Lakini sikukuomba ushauri safari hii, nilikuomba miguu.

Nikiuliza swali darasani sasa, hakuna mkono. Naona aibu kuuliza. Juzi nilifundisha dirisha.

Ikiwa hutaki kwenda, niandikie sababu ya kweli. Nitaipokea yoyote.

Lisette

*

Uvira
2 Mei 2024

Mwanangu,

Umeomba sababu ya kweli. Inaitwa Destin.

Ulikuwa na miaka minne, huwezi kukumbuka. Umekua ukisikia nyumbani kwamba kaka yako aliikataa shule, kichwa kigumu, akakimbilia kwa wavuvi na baadaye kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, aliko mpaka leo. Mama yako alikufa akiamini hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia.

Destin alikuwa darasani kwangu, darasa la sita. Hesabu hazikumwingia. Mkaguzi alipokuja niliwapepeta saba, na wa saba alikuwa mwanangu. Niliona aibu mkaguzi amjue ni wa nani halafu amwone akikosea. Nilimwambia mbele ya wenzake aende kwa fundi akachukue viatu vyangu. Mtoto aliangalia miguu yangu. Viatu nilikuwa nimevivaa. Alitoka. Jioni alirudi nyumbani, akala, akalala, na kesho yake alipofika kwenye lango la shule alipita moja kwa moja kama mtu asiyejua pale ni wapi. Nilimpiga. Nilimpiga wiki mbili. Kisha katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina lake, niliandika: ameacha mwenyewe.

Nilikuandikia kwamba mtoto husahau kabla ya jioni. Nilikuandikia uongo, Lisette, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Barua yako ya pili ya kuniomba, ile ya hasira, ilinifikia Alhamisi. Ijumaa nilikwenda Mulongwe. Mlango wa kijani upo. Msichana alikuwa uani anafua, mtoto mchanga mgongoni, mwingine ameshika sketi yake. Nilimtaja jina akageuka. Nilimwambia mimi ni baba wa Mwalimu Lisette. Midomo yake ilisogea, mimi sikusikia chochote, nikamwonyesha masikio. Nikatoa daftari langu na kalamu, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Nilipokwisha kumpa ndipo nikakumbuka ulichoniambia, kwamba kidole chake hakivuki neno la kwanza, na nilitaka kuurudisha mkono wangu.

Alikwisha kuanza kuandika.

Aliandika polepole, ameegemeza daftari kwenye ukingo wa karai, akifuta povu ili karatasi isilowe. Herufi zake zimesimama wima kuliko zako. Ukurasa nimeuchana, umo ndani ya bahasha hii. Kuna maneno mawili tu:

Wageni walishaenda?

Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne, na maneno hayo mawili sikuyawekea alama. Nikaandika chini yake: Ndiyo. Walishaenda zamani.

Alisoma. Aliyasoma mara moja tu, bila kidole. Akaweka sabuni chini na kuanza kufungua kitenge kilichomfunga mtoto mgongoni.

Mwenye nyumba alitoka wakati huo. Aliona, akamfunga tena mtoto kwa mikono yake mwenyewe, mafundo mawili. Hakuwa mkali. Aliniandikia kwamba msichana amepewa na mama yake, kwamba Jumapili wanapanda meli kwenda Kalemie kwa biashara na watakaa huko, na kwamba mama akimtaka aje mwenyewe amwombe. Nilimsihi kwa sauti, sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, watu walisimama njiani. Jumamosi nilimtafuta Asiya ampelekee Mama Nsimire ujumbe. Alikuwa hajavuka, maji yalikuwa juu ya barabara. Jumapili nilikwenda bandarini Kalundu toka alfajiri. Walikuwa wameshapanda. Sikumwona.

Ningekwenda siku niliyopata barua yako ya kwanza ya kuniomba, ningekuwa na siku kumi. Nilizitumia kuogopa mlango.

Sikuombi lolote.

Baba yako

*

Bwiza
9 Mei 2024

Baba,

Nimekaa na barua yako karibu wiki nzima. Sijui kama nimekusamehe. Nina foleni ya watu wa kusamehe, na mimi mwenyewe nimesimama mbele yako.

Hukuniuliza, lakini nikuambie: sikujua kwamba anaandika. Nilikuwa nasahihisha madaftari kuanzia dawati la mbele, na kengele ilikuwa inalia kabla sijafika kwake. Kila siku nilianza tena mbele. Nilimpima kwa mdomo peke yake, na mdomo ndio uliokuwa unaogopa.

Sehemu ya mwisho ya staji ni kujifunza kulitunza daftari la mahudhurio. Jumatatu Bwana Sylvère alinionyesha: mwanafunzi asipoonekana wiki nne unapiga mstari kwa rula, na pembeni unaandika sababu. Akanitajia sababu zinazokubalika. Amehama, amefariki, ameacha mwenyewe. Nilipiga mstari. Pembeni niliandika: alitolewa na mwalimu wa staji siku ya kupimwa, nikaweka sahihi yangu. Alisafisha miwani muda mrefu. Akasema daftari hilo hupelekwa kwa mkuu wa shule, na mkuu atalipeleka chuoni, na kumi na sita yangu inaweza kufutwa. Nikasema najua. Kesho nimeitwa kwa mkuu.

Leo asubuhi nimempelekea Mama Nsimire ukurasa ule. Maji yamepungua, alikuwa anaanika godoro. Nilimweleza habari za meli. Alisikiliza, akauliza kama mtoto alikuwa amenenepa au amekonda, nikasema hukuandika. Kisha nikampa karatasi. Aliigeuza huku na huku. Hakusoma shule, akaniambia nimsomee. Nikamsomea.

"Aliandika yeye?"

"Yeye."

"Peke yake? Hakuna mutu alimushika mukono?"

"Peke yake."

Alikaa juu ya godoro lile bichi. Alikunja karatasi mara nne akaifunga kwenye ncha ya kitenge, mahali anapofunga vitu vyake. Akasema, "Na we uliniambia hajui."

Nikasema, "Mama, mi sikukuambia hivyo."

"Uliniambia," akasema.

Kisha akainuka, akanishikisha upande mmoja wa godoro, tukaligeuza.

Mwandikie Destin. Usingoje nikutume.

Lisette